Maoni Yetu: Wingi wa data si ushahidi wa chanzo

Kila wiki vyumba vya habari hupokea taarifa za utafiti zinazosema chakula fulani kinaleta ugonjwa fulani, au mradi fulani umepunguza umaskini. Ukisoma ndani, mara nyingi unakuta watafiti walihesabu vitu viwili vilivyokwenda pamoja, basi. Neno "kusababisha" liliongezwa njiani: na ofisa uhusiano, na mhariri, wakati mwingine na mtafiti mwenyewe.

Msimamo wetu ni kwamba neno hilo lina masharti. Anayelitumia aonyeshe alivyolipata. Data zikiwa nyingi hazimpi ruhusa hiyo, kama hazikukusanywa kwa njia inayoweza kujibu swali la chanzo. Kosa hili halibaki kwenye karatasi. Linafika wodini, na sisi wa Afrika Mashariki tuna ushahidi wake.

Mwaka 2009 hospitali kadhaa za Kenya, Uganda na Tanzania zilianza jaribio lililopewa jina la FEAST, likiongozwa na Kathryn Maitland, daktari wa watoto aliyekuwa akifanya kazi Kilifi. Swali lilikuwa la kila siku. Mtoto analetwa na homa kali, anahema kwa shida au amelegea, mikono na miguu ni ya baridi, mapigo ya moyo yanakwenda mbio. Damu yake haizunguki vizuri. Je, atundikiwe dripu ya kasi, apate maji mengi ndani ya saa moja? Miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya hospitali za nchi tajiri ilisema ndiyo. Walioshangaa walikuwa wengi: kwa nini kuuliza jambo linalojulikana?

Watoto 3,141 waligawanywa kwa kura katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilipewa dripu ya kasi ya albumini, la pili dripu ya kasi ya maji ya chumvi. La tatu halikupewa dripu ya kasi. Lilipata maji ya kawaida tu ya kumtunza mgonjwa. Dawa na huduma nyingine zilikuwa sawa kwa wote. Lengo lilikuwa kufikisha watoto 3,600, lakini Januari 2011 kamati huru iliyokuwa ikifuatilia usalama wao ilishauri kazi isimame. Ndani ya saa 48 walikuwa wamefariki watoto 10.6 kati ya kila 100 katika kundi la albumini, na 10.5 katika kundi la maji ya chumvi. Katika kundi lisilopewa dripu ya kasi walifariki 7.3. Tiba iliyoaminiwa kuokoa ilikuwa inaongeza vifo vitatu hivi katika kila watoto 100.

Ieleweke vizuri: watoto wenye kuharisha hawakuhusishwa katika jaribio hilo. Kwao maji yanabaki ndiyo tiba, na hakuna mzazi anayepaswa kuyaogopa kwa sababu ya tulichoandika hapa.

Jambo linalofikirisha zaidi lilijitokeza data zilipochambuliwa kwa undani. Saa moja baada ya matibabu kuanza, watoto waliopewa dripu ya kasi ndio walioonekana kupata nafuu kwa wingi zaidi. Mikono ilipata joto, mapigo yalirudi. Daktari aliyesimama kando ya kitanda na kusema "dripu imemsaidia" hakuwa mwongo wala mzembe. Alisema alichokiona. Vifo vilikuja baadaye, na vilipokuja vilionekana kama kazi ya ugonjwa wenyewe, kwa kuwa watoto mahututi hufa hata wakihudumiwa vizuri. Hakuna muuguzi anayeweza kutambua kwa macho yake vifo vitatu vya ziada katika watoto 100. Angefanya kazi hiyo miaka 30, uzoefu wake wote ungemthibitishia jambo lisilo kweli.

Hapo ndipo swali la chanzo linapoacha kuwa la wanafalsafa peke yao. Taarifa ilikuwepo tele, tena sahihi. Kilichokosekana ni mlinganisho.

Mwaka 1948 Claude Shannon, mtaalamu wa hisabati katika maabara za Bell nchini Marekani, aliipa taarifa kipimo. Kwa kipimo hicho, taarifa ni kiasi cha shaka kinachoondoka unapojua jambo. Ukijua kama mtoto ana homa au hana, shaka kuhusu kama ana malaria inapungua kwa kiasi fulani. Ukijua kama ana malaria au hana, shaka kuhusu kama ana homa inapungua pia, na hesabu inaonyesha kwamba viwango hivyo viwili ni sawa kabisa. Kadiri jambo la kwanza linavyokuambia habari za la pili, ndivyo la pili linavyokuambia habari za la kwanza. Chanzo hakiko hivyo. Malaria huleta homa. Homa haileti malaria. Kipimo cha taarifa hakionyeshi upande, na Shannon hakuwahi kudai kwamba kinaonyesha. Kosa ni letu tunaochukua kipimo cha uhusiano na kukisoma kama kipimo cha chanzo.

Wahenga wetu walilijua hili. Jogoo likiwika lisiwike, kutapambazuka. Sauti ya jogoo inakupa taarifa nzuri kuhusu alfajiri, na aliyelala gizani anaweza kuitegemea. Lakini mchinje jogoo usiku wa manane, jua litachomoza kwa saa yake. Methali hiyo inatufundisha kujaribu: liondoe jambo moja, uone kama lingine linabaki. Judea Pearl, mtaalamu wa sayansi ya kompyuta aliyechapisha kitabu chake kuhusu chanzo mwaka 2000, aliliandikia wazo hilo hisabati yake. Alitenganisha kuona jambo likitokea na kulifanya litokee, akaonyesha kwamba huwezi kutoka la kwanza kwenda la pili kwa hesabu tupu. Lazima ulete dhana fulani kuhusu jinsi mambo yanavyofanya kazi, na ukubali dhana hiyo ihojiwe.

Ukanda wa Ziwa Victoria una somo lingine, refu zaidi. Tangu miaka ya 1980 watafiti waliona mambo matatu yanayokwenda pamoja na maambukizi ya VVU. Wenye magonjwa ya zinaa waliambukizwa zaidi. Wenye virusi vya malengelenge ya sehemu za siri waliambukizwa zaidi. Wanaume waliotahiriwa waliambukizwa kidogo. Kwenye karatasi mambo hayo yalifanana: uhusiano ulikuwa mkubwa, ulijirudia katika tafiti nyingi, na maelezo yake ya kibayolojia yaliingia akilini. Kama wingi wa taarifa ungetosha, yote matatu yangegeuzwa sera siku ile ile.

Yalipojaribiwa, kila moja lilitoa jibu lake.

Mkoani Mwanza, vituo vya afya katika jamii sita viliimarishwa ili vitibu vizuri magonjwa ya zinaa, na jamii nyingine sita zikawa za kulinganisha. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 yalionyesha maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa takriban asilimia 40. Ng'ambo ya ziwa, wilayani Rakai, Uganda, watafiti waliwapa watu wazima wote wa baadhi ya jamii dawa za magonjwa ya zinaa kwa awamu, wawe na dalili au wasiwe nazo. Matokeo ya mwaka 1999 yalionyesha hakuna tofauti ya VVU kati ya waliopewa na wasiopewa. Je, mmoja alikosea? Si lazima. Mwanza ilitibu wenye dalili kila siku walipofika kituoni; Rakai ilipita mara moja kila baada ya miezi mingi. Janga la Rakai lilikuwa la zamani zaidi na limekwisha kusambaa. Chanzo hufanya kazi katika mazingira yake, na jaribio hujibu swali lililoulizwa pale lilipoulizwa.

Kisha malengelenge. Kaskazini magharibi mwa Tanzania, wanawake 821 wenye virusi hivyo walipewa ama dawa ya aciclovir au kidonge kisicho na dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Walioambukizwa VVU walikuwa 27 katika kundi la dawa na 28 katika kundi la kidonge kitupu. Hilo halisafishi malengelenge. Baadaye watafiti walikuta kwamba chembe za kinga ambazo VVU huzishambulia hubaki mahali pa kidonda hata baada ya ngozi kupona. Lakini mpango wa kugawa dawa hiyo ili kuzuia VVU, ambao ungekula mamilioni ya fedha, ulikosa mguu wa kusimamia.

La tatu ni tohara. Hapa wenye shaka walikuwa na hoja nzuri. Waliotahiriwa wengi walikuwa Waislamu, na Mwislamu anayeshika dini hanywi pombe. Huenda kilichomkinga ni mwenendo, wala si kisu. Mwaka 2003 wachambuzi wa mtandao wa Cochrane walipitia tafiti zilizokuwepo wakakataa kutoa hukumu, kwa sababu hiyo hiyo ya mambo yaliyochanganyika. Hawakuwa wakaidi. Walidai kitu sahihi, na kikatolewa. Jaribio la Orange Farm, Afrika Kusini, lilitoa matokeo mwaka 2005. Yakafuata ya Kisumu, kwa vijana 2,784, na ya Rakai, kwa wanaume 4,996. Yote mawili yalisimamishwa Desemba 2006 kwa kuwa jibu lilikwisha kupatikana: tohara ilipunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa na mwanamke kwa karibu nusu. Machi 2007 Shirika la Afya Duniani na UNAIDS walitoa pendekezo lao, na mwaka uliofuata Kenya ikaanza kutoa huduma hiyo kwa hiari.

Mahusiano yalikuwa matatu, na kwenye karatasi yalionekana ndugu. Moja lilithibitika. Jingine lilithibitika mahali pamoja na kushindwa pengine. Lililobaki lilishindwa lilipogeuzwa tiba. Hakuna kompyuta ambayo ingetabiri mgawanyo huo kwa kutazama data zile za mwanzo peke yake.

Tutaulizwa: je, tusiseme lolote mpaka kura ipigwe? Hapana. Haiwezekani, wala haifai, kuwalazimisha watu wavute sigara miaka 20 ili tuone nani atapata saratani. Richard Doll na Austin Bradford Hill walichapisha uchunguzi wao kuhusu sigara na saratani ya mapafu mwaka 1950 bila jaribio la aina hiyo. Ronald Fisher, baba wa takwimu za kisasa, aliwapinga: huenda kuna urithi wa mwili unaomfanya mtu apende sigara na pia apate saratani. Swali lilikuwa halali. Lilijibiwa kwa kuliwekea vizuizi kutoka kila upande. Anayevuta nyingi yuko hatarini kuliko anayevuta chache, anayeacha hatari yake hupungua, na madaktari wa Uingereza waliofuatiliwa kuanzia mwaka 1951 walionyesha mwelekeo ule ule mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1965 Hill alieleza mambo ya kupima kabla ya kutamka kwamba hiki ndicho chanzo, na akaonya kwamba hakuna hata moja ambalo ni kithibitisho peke yake.

Wakati mwingine maumbile yenyewe hupiga kura. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa nchi hiyo mwaka 1949. Aliona kwamba chembe cha urithi cha selimundu kilikuwa cha kawaida pwani na kando ya Ziwa Victoria, lakini adimu kwa watu wa nyanda za juu zenye baridi. Ramani hiyo ilifanana na ramani ya malaria. Kufanana kwa ramani ni uhusiano tu. Kilichoipa hoja yake nguvu ni kwamba mtoto hupewa chembe hicho, au hukikosa, kwa bahati tangu mimba inapotungwa, kabla ya mbu yeyote kumuuma na bila kujali wazazi wana fedha au hawana. Malaria haiwezi kumpa mtoto chembe ambacho alizaliwa bila kuwa nacho. Mshale una upande mmoja. Hoja aliyoichapisha mwaka 1954 imethibitishwa tena na tena, na kazi ya Kilifi ikiwamo: mtoto mwenye nakala moja ya chembe hicho anakingwa vizuri sana dhidi ya malaria kali.

Kwa hiyo hatudai njia moja. Tunadai njia itajwe.

Dai hili lina uzito mpya sasa kwa sababu ya akili mnemba. Mashine hizi hujifunza uhusiano kwa kasi ambayo hakuna binadamu anayeifikia, na zinauzwa kwa serikali na hospitali zetu kama zenye majibu. Kisa kimoja kinatosha. Miaka ya 1990 watafiti wa Marekani walifundisha programu kutabiri ni wagonjwa gani wa nimonia watakufa. Programu iligundua kwamba mwenye pumu ana nafasi nzuri zaidi ya kupona. Data zilisema kweli: walipona zaidi. Walipona kwa sababu madaktari, wakijua hatari yao, waliwapeleka moja kwa moja chumba cha wagonjwa mahututi. Hospitali ambayo ingefuata ushauri wa programu hiyo na kuwarudisha nyumbani wenye pumu ingewaua. Ziongeze rekodi mara elfu, na mashine ingezidi tu kujiamini katika kosa lake.

Tunachotaka kifanyike hakihitaji fedha nyingi.

Wizara na serikali za mitaa hazina fedha za kuanza mradi katika wilaya zote mwaka mmoja. Baadhi lazima zisubiri. Leo zinazotangulia huchaguliwa kwa urahisi wa barabara au kwa sauti ya mbunge, na baadaye wilaya hizo zikifanya vizuri tunaambiwa mradi umefaulu. Zipangwe kwa kura ya hadharani. Hakuna atakayenyimwa alichokuwa apate, na nchi itapata mlinganisho bila gharama ya ziada. Huko Busia, Kenya, shule 75 zilipangwa katika makundi matatu ya kupewa dawa za minyoo kwa zamu kuanzia mwaka 1998, katika utafiti wa Edward Miguel na Michael Kremer. Wataalamu wamebishana kuhusu matokeo yake kwa miaka mingi. Mabishano yenye maana yaliwezekana kwa sababu kulikuwa na cha kulinganisha. Miradi yetu mingi haina hata hicho cha kubishania.

Vyuo vikuu vifundishe takwimu kuanzia kwenye swali la chanzo, si kuishia kwenye kubonyeza programu mpaka itoe namba ndogo inayopendeza. Vichapishe pia majaribio yaliyoshindwa; matokeo ya aciclovir yaliokoa fedha na muda wa bara zima.

Wanaosema majaribio ni kuwageuza watu wetu panya wa maabara wana haki ya kudai ridhaa, usimamizi huru na matunzo kwa washiriki. FEAST ilisimamishwa na kamati ya aina hiyo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Lakini wakumbuke kwamba kabla ya jaribio hilo watoto walikuwa wakitundikiwa dripu ya kasi bila kura, bila kundi la kulinganisha na bila mtu wa kuhesabu waliokufa. Hilo nalo lilikuwa jaribio, ila halikuandikwa popote.

Na vyombo vya habari, sisi tukiwamo, tuulize mambo matatu kabla ya kuandika "husababisha". Nani alilinganishwa na nani? Nani aliamua yupi apate na yupi akose? Ni kipi kingine kilichokuwa tofauti kati yao? Mtafiti mzuri atajibu kwa dakika tano na atafurahi kuulizwa. Asipokuwa na jibu, aandikwe kwamba ameona mambo mawili yakienda pamoja. Hiyo ni habari yenye thamani yake, na gazeti hili litaichapa kwa jina lake halisi, hata kama waziri au mfadhili angependa jina kubwa zaidi.